Namba ipi inatosheleza, ipi haitoshelezi: mwongozo kamili wa kuhakiki kauli za kutolingana

Swali huja hivi: "Kati ya namba -3, 0, 2, 5 na 7, zipi zinatosheleza 2x + 1 < 11?" Ni swali fupi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulimaliza kwa dakika chache akijua kuweka namba mahali pa herufi na kukokotoa, basi. Lakini wengi hupoteza alama hapo hapo, kwa sababu hukimbilia kuhamisha namba huku na huku, alama inageuzwa au inasahaulika, jibu linaandikwa, na hakuna anayerudi kulipima jibu hilo kama kweli linasimama.

Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: anayeamua ni namba yenyewe, ikishawekwa kwenye kauli. Kanuni za kuhamisha na kugeuza alama zina kazi kubwa, kazi ya kukufikisha mpakani haraka. Lakini ukitaka kujua kama umefika salama, weka namba, kokotoa, soma. Anayezoea kufanya hivyo anaweza kusahau kanuni katikati ya mtihani na bado akatoka na jibu sahihi.

Kauli ya kutolingana ni sentensi ya hisabati yenye alama <, >, ≤ au ≥ katikati, pale ambapo mlinganyo ungekuwa na =. Mlinganyo 2x + 1 = 11 una jibu moja tu, nalo ni 5. Kauli 2x + 1 < 11 ina majibu yasiyo na idadi. Ndiyo maana huwezi kuyataja yote moja moja, na ndiyo maana kuhakiki ni ustadi wa kujifunza, kwa kuwa ni lazima ujue uchague namba zipi za kupima.

Alama nne, na maneno yanayozificha

Alama < husomwa "ni ndogo kuliko" na > husomwa "ni kubwa kuliko". Zilionekana kwa mara ya kwanza katika kazi za Mwingereza Thomas Harriot, zilizochapishwa mwaka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake. Upande uliopanuka huelekea namba kubwa na ncha huelekea namba ndogo, kwa hiyo 3 < 8 na 8 > 3 zinasema jambo lile lile. Ukiongeza mstari chini unapata ≤, "ni ndogo kuliko au sawa na", na ≥, "ni kubwa kuliko au sawa na".

Mstari huo mdogo wa chini ndio unaoamua hatima ya namba moja, ile ya mpakani. Katika x < 5, namba 5 iko nje. Katika x ≤ 5, namba 5 iko ndani. Namba nyingine zote zinabaki vile vile.

Maswali ya maneno hayaandiki alama, kwa hiyo inabidi uzitoe kwenye lugha. "Angalau", "isiyopungua", "si chini ya" na "kuanzia" zote ni ≥. "Isiyozidi", "si zaidi ya" na "kiwango cha juu ni" zote ni ≤. "Zaidi ya" ikisimama peke yake ni >, na "chini ya" au "pungufu ya" ni <. Tanzania, mpiga kura anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 18, yaani u ≥ 18, na aliyetimiza 18 anapiga kura. Kibao cha barabarani chenye 50 kinamaanisha mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, s ≤ 50, na anayekwenda 50 kamili hajavunja sheria. Kabla hujaandika alama, jiulize swali moja tu: namba iliyotajwa, yenyewe, imo au haimo?

Hatua za kuhakiki namba moja

Turudi kwenye 2x + 1 < 11.

1. Andika kauli kama ilivyo. Usiibadilishe, usiifupishe.
2. Futa herufi, weka namba mahali pake, ndani ya mabano. Mabano haya hayaonekani kuwa na maana kwa namba kama 2, lakini yataokoa kazi yako kwenye namba hasi.
3. Kokotoa upande wa kushoto peke yake, kisha upande wa kulia peke yake, kwa utaratibu wa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.
4. Soma sentensi iliyobaki kwa sauti. Ni kweli, au si kweli?

Kwa -3: 2(-3) + 1 = -6 + 1 = -5. Sentensi inakuwa -5 < 11. Kweli, kwa hiyo -3 inatosheleza.
Kwa 0: 2(0) + 1 = 1, na 1 < 11. Kweli.
Kwa 2: 2(2) + 1 = 5, na 5 < 11. Kweli.
Kwa 5: 2(5) + 1 = 11, na 11 < 11. Si kweli. Namba haiwezi kuwa ndogo kuliko yenyewe.
Kwa 7: 2(7) + 1 = 15, na 15 < 11. Si kweli.

Jibu ni -3, 0 na 2. Angalia 5 kwa makini, maana swali la namna hii karibu kila mara hupandwa namba ya mpakani katikati ya orodha. Ukiona pande mbili zimelingana kabisa, simama na utazame alama: ina mstari chini au haina?

Kuhusu hatua ya nne, nasisitiza usomaji wa sauti au wa moyoni, sentensi nzima. "Kumi na moja ni ndogo kuliko kumi na moja" ni uongo ambao sikio linaukataa mara moja. Jicho peke yake huupitisha.

Namba hasi

Makosa mengi yanatokea hapa, kwa hiyo tukae kidogo.

Chora mstari wa namba, weka 0 katikati, chanya kulia na hasi kushoto. Namba iliyo kushoto zaidi ndiyo ndogo. Basi -8 < -3, ingawa 8 ni kubwa kuliko 3, na mtu mwenye deni la shilingi 8,000 ana hali mbaya kuliko mwenye deni la 3,000. Usipokuwa na uhakika, chora. Mstari wa sentimita chache pembeni mwa karatasi haukugharimu kitu.

Sasa chukua kauli 3 - 2x > 7, na namba -4, -2, -1, 0 na 3.

Kwa -4: 3 - 2(-4). Hasi mbili mara hasi nne ni chanya nane, kwa hiyo 3 + 8 = 11. Je, 11 > 7? Kweli.
Kwa -2: 3 - 2(-2) = 3 + 4 = 7. Je, 7 > 7? Si kweli.
Kwa -1: 3 + 2 = 5. Je, 5 > 7? Si kweli.
Kwa 0: 3 - 0 = 3. Si kweli.
Kwa 3: 3 - 6 = -3. Si kweli.

Ni -4 peke yake. Asiyetumia mabano huandika 3 - 2 - 4, anapata -3, na anaitupa namba pekee iliyokuwa sahihi.

Mwingine huanza kwa kuhamisha: anatoa 3 pande zote na kupata -2x > 4, anagawanya kwa -2, na anaandika x > -2. Kwa jibu hilo anachagua -1, 0 na 3. Ameiacha namba pekee iliyo ndani na kuchukua tatu zilizo nje. Kosa lake ni kusahau kwamba ukizidisha au kugawanya pande zote kwa namba hasi, alama lazima igeuke: jibu sahihi ni x < -2.

Kwa nini igeuke? Anza na sentensi ya kweli isiyo na herufi: 2 < 5. Zidisha pande zote kwa -1. Unapata -2 na -5. Kwenye mstari wa namba, -5 iko kushoto zaidi, kwa hiyo -2 > -5. Kuzidisha kwa hasi kunapeleka kila namba ng'ambo ya pili ya sifuri, na iliyokuwa mbali kulia sasa iko mbali kushoto. Mpangilio wote umepinduka. Kujumlisha au kutoa hakupindui chochote: ukitoa 10 kwenye 2 < 5 unapata -8 < -5, na bado ni kweli. Kwa hiyo kinachogeuza alama ni kuzidisha au kugawanya kwa namba hasi. Kuwapo kwa namba hasi mahali fulani kwenye kauli, peke yake, hakugeuzi kitu. Mwanafunzi anayegeuza alama kwa sababu tu ameona -8 pale, ameshika nusu ya kanuni.

Ukiogopa kugeuza, kuna njia ya kuepuka kabisa: hamisha x kwenda upande itakakokuwa chanya. Kutoka 3 - 2x > 7, jumlisha 2x pande zote: 3 > 7 + 2x. Toa 7: -4 > 2x. Gawanya kwa 2: -2 > x. Hii ni x < -2 ile ile, ikisomwa kutoka kulia.

Kutoka namba chache hadi namba zote

Mara nyingi hupewi orodha. Unaambiwa: "Tafuta namba zote zinazotosheleza 5(x - 2) ≤ 3x + 4." Hapo ndipo aljebra na kuhakiki vinapoungana.

Kwanza tafuta mpaka. Fungua mabano: 5x - 10 ≤ 3x + 4. Toa 3x: 2x - 10 ≤ 4. Jumlisha 10: 2x ≤ 14. Gawanya kwa 2: x ≤ 7.

Kisha pima namba tatu katika kauli ya mwanzo, ile uliyopewa na si mojawapo ya mistari uliyoandika wewe. Kama kosa lilitokea kwenye mstari wa pili, kupima kwenye mstari wa tatu hakutalifichua.

Mpakani, x = 7: kushoto 5(7 - 2) = 25, kulia 3(7) + 4 = 25. Je, 25 ≤ 25? Kweli. Pande zimelingana, kwa hiyo 7 ndio mpaka hasa, na mstari wa chini wa alama unaiingiza ndani.
Chini kidogo, x = 6: kushoto 20, kulia 22. Je, 20 ≤ 22? Kweli.
Juu kidogo, x = 8: kushoto 30, kulia 28. Je, 30 ≤ 28? Si kweli.

Vipimo hivi vitatu vinatosha, kwa sababu katika kauli za aina hii x haina kipeo na haiko chini kama asili ya sehemu, na pande mbili hukutana mahali pamoja tu. Zikishapishana, hazikutani tena. Ukijua 6 iko ndani, basi 5, 0, -100 na nyingine zote za kushoto ziko ndani. Mpaka usipotoa pande zinazolingana, umekosea hesabu ya mpaka. Mpaka ukiwa sawa lakini upande wa chini na wa juu vimebadilishana, umekosea mwelekeo wa alama. Kwa hiyo vipimo vinakuambia hata kosa liko wapi.

Kwenye mstari wa namba, weka kiduara juu ya 7 na ukijaze wino, kwa kuwa 7 imo, kisha chora mshale kwenda kushoto. Ingekuwa x < 7, kiduara kingebaki kitupu.

Wakati mwingine x inapotea yenyewe. Katika 2(x + 1) > 2x + 5 unafungua mabano, unatoa 2x pande zote, na unabaki na 2 > 5. Hakuna namba yoyote inayoweza kuifanya hiyo iwe kweli, kwa hiyo jibu ni kwamba hakuna. Katika x + 3 > x unabaki na 3 > 0, kweli daima, na kila namba inatosheleza.

Swali linazungumzia namba za aina gani?

Ukiulizwa namba kubwa kuliko zote inayotosheleza x < 5, jibu linategemea. Kwa namba kamili, ni 4. Kwa namba zenye desimali, haipo: 4.9 inafaa, lakini 4.99 ni kubwa zaidi nayo inafaa, na 4.999 pia, na hakuna mwisho. Kuandika 4.9 ni kosa. Soma swali hadi mwisho, maana maneno "ambapo x ni namba kamili" huwekwa mkiani na hubadilisha jibu lote.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina mfano mzuri kuliko ninavyoweza kutunga. Mgombea wa urais anatangazwa mshindi akipata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika kila moja ya kaunti zinazozidi nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, na nusu yake ni 23.5. Kauli yetu ni k > 23.5. Pima 23: 23 > 23.5, si kweli. Pima 24: 24 > 23.5, kweli. Kaunti haikatwi vipande, kwa hiyo mpaka wenyewe, 23.5, si namba inayoweza kutokea, na idadi ya chini kabisa ni 24. Hiyo ndiyo 24 inayotajwa kila uchaguzi.

Sharti la kura nalo hutajwa mitaani kuwa "hamsini asilimia jumlisha moja". Hebu tulipime. Kura zikiwa 1,000, nusu ni 500, na k > 500 inaanzia 501, sawa kabisa na nusu jumlisha moja. Kura zikiwa 1,001, nusu ni 500.5. Kauli k > 500.5 inatosheka kwa 501. Lakini nusu jumlisha moja ni 501.5, na anayeifuata neno kwa neno angedai 502. Kwa jumla isiyogawanyika kwa mbili, msemo wa mitaani na maneno ya Katiba vinapishana kwa kura moja.

Katika hesabu za maisha ya kila siku tahadhari hii hutokea kwa sura mbili. Una shilingi 20,000, nauli ya kwenda na kurudi ni 1,200, na sukari tuseme ni 2,900 kwa kilo. Kilo ngapi nzima? 2,900n + 1,200 ≤ 20,000, kwa hiyo 2,900n ≤ 18,800 na n ≤ 6.48 hivi. Unachukua 6. Hakiki: 17,400 + 1,200 = 18,600, zinatosha; kwa kilo 7 ni 21,500, hazitoshi. Hata ingekuwa 6.97, bado ni 6. Sasa wanafunzi 100 wanasafiri kwa mabasi yenye viti 30: 30b ≥ 100, b ≥ 3.33. Mabasi 3 yana viti 90 na wanafunzi 10 wanabaki, kwa hiyo ni mabasi 4. Sheria ya kukadiria uliyofundishwa darasani, ya kupandisha kuanzia 5 na kushusha chini yake, haina kazi hapa. Anayeamua upande ni kauli yenyewe, na unamjua kwa kupima namba nzima mbili zinazozunguka mpaka.

Kauli zenye mipaka miwili

Matokeo ya kidato cha nne Tanzania yanapangwa kwa kauli za namna hii. Daraja A lina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, na zinajumlishwa pointi za masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi. Divisheni ya kwanza ni 7 ≤ p ≤ 17, ya pili 18 ≤ p ≤ 21, ya tatu 22 ≤ p ≤ 25, ya nne 26 ≤ p ≤ 33, na sifuri ni 34 na 35.

Tuseme mwanafunzi amehesabu masomo yake 6 na kupata pointi 14. Somo la saba, y, linatakiwa liwe na daraja gani abaki divisheni ya kwanza? Kauli ni 7 ≤ 14 + y ≤ 17. Thamani zinazowezekana za y ni tano tu, kwa hiyo pima zote. Kwa 1 jumla ni 15, kwa 2 ni 16, kwa 3 ni 17, na 17 ≤ 17 ni kweli. Kwa 4 jumla ni 18, na 18 ≤ 17 si kweli. Anahitaji A, B au C. Akipata D, anaanguka divisheni ya pili kwa pointi moja.

Kauli yenye mipaka miwili ni kauli mbili zilizoandikwa pamoja, na namba lazima izitosheleze zote mbili. Chukua -3 < 2x - 1 ≤ 9. Jumlisha 1 kila sehemu: -2 < 2x ≤ 10. Gawanya kwa 2: -1 < x ≤ 5. Sasa hakiki mipaka yote miwili. Kwa -1: 2(-1) - 1 = -3, na -3 < -3 si kweli, iko nje. Kwa 5: 2(5) - 1 = 9, na 9 ≤ 9 ni kweli, iko ndani. Namba kamili zinazotosheleza ni 0, 1, 2, 3, 4 na 5.

Zaka ya mbuzi na kondoo hupimwa hivi hivi, na wanaoihesabu wanajua uzito wa namba moja ya mpakani. Kuanzia 40 hadi 120, hutolewa mnyama mmoja. Kuanzia 121 hadi 200, wawili. Mwenye 39 hajafikia kiwango. Ukitaka kujua kama mtu ameielewa kauli 40 ≤ k ≤ 120, usimpe 70, mpe 39, 40, 120 na 121.

Kuna pia namba zinazotakiwa ziwe nje ya mipaka. Chanjo nyingi huhifadhiwa kwenye jokofu lenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, yaani 2 ≤ t ≤ 8. Muuguzi anatakiwa kushtuka pale t < 2 au t > 8. Neno "au" hapo ni la lazima. Anayeandika 8 < t < 2 anadai nyuzi joto iliyo kubwa kuliko 8 na wakati huo huo ndogo kuliko 2, na hakuna namba kama hiyo.

Pale mpaka mmoja hautoshi

Nilisema vipimo vitatu vinatosha pale x isipokuwa na kipeo wala isipokuwa chini ya sehemu. Zikiwepo, mipaka huwa zaidi ya mmoja, na hapa kuhakiki kunapita kanuni zote.

Katika x² > 9, wengi huandika x > 3 na kuweka kalamu chini. Pima -5: (-5)² = 25, na 25 > 9 ni kweli. Lakini -5 haimo kwenye x > 3. Jibu limeacha kundi zima. Mipaka ni miwili, -3 na 3, na inakata mstari wa namba vipande vitatu. Chukua namba moja kila kipande: -5 inatosheleza, 0 haitoshelezi kwa kuwa 0 > 9 si kweli, 5 inatosheleza. Jibu ni x < -3 au x > 3. Hapa tena mabano yana kazi: (-5)² ni 25, na asiyeyaweka anapata -25.

Kauli x² > x inashangaza zaidi, maana wengi huamini kila namba ikijizidisha yenyewe hukua. Pima 0.5: 0.5 × 0.5 = 0.25, na 0.25 > 0.5 si kweli. Pima 0 na 1: pande zinalingana, si kweli. Pima 2 na -1: kweli zote mbili. Kwa hiyo ni x < 0 au x > 1. Unapochagua namba za kupima, usichague 1, 2, 3 tu. Weka 0, weka hasi moja, weka sehemu iliyo kati ya 0 na 1. Hizo ndizo zinazofichua.

Kwa 12/x < 3, usikimbilie kuzidisha pande zote kwa x. Hujui kama x ni chanya au hasi, kwa hiyo hujui kama alama igeuke. Mipaka ni 4, ambapo 12/4 = 3, na 0, ambapo kugawanya hakuwezekani kabisa. Pima -2: 12/(-2) = -6, na -6 < 3 ni kweli. Pima 3: 4 < 3, si kweli. Pima 6: 2 < 3, kweli. Pima 4: 3 < 3, si kweli. Jibu ni x < 0 au x > 4. Anayezidisha bila kufikiri anapata x > 4 tu, na namba hasi zote zinampotea.

Jipime

Fanya haya manne kwa kalamu kabla ya kusoma majibu.

Moja: kati ya -4, -1, 0, 2 na 6, zipi zinatosheleza 7 - 3x ≥ 1?
Mbili: taja namba kamili zote zinazotosheleza -5 ≤ 2x - 3 < 4.
Tatu: namba kamili ngapi zinatosheleza x² ≤ 10?
Nne: je, x/2 > x/3 ni kweli kwa kila namba?

La kwanza: -4 inatoa 19, -1 inatoa 10, 0 inatoa 7, na 2 inatoa 1, ambayo inakubalika kwa sababu ya mstari wa chini wa alama. Namba 6 inatoa -11 na inakataliwa.

La pili: jumlisha 3 kila sehemu upate -2 ≤ 2x < 7, kisha -1 ≤ x < 3.5. Namba ni -1, 0, 1, 2 na 3. Hakiki ncha: -1 inatoa -5, imo, 3 inatoa 3, imo, 4 inatoa 5, haimo.

La tatu: ni 7, kuanzia -3 hadi 3, kwa kuwa 9 ≤ 10 lakini 16 ≤ 10 si kweli. Aliyepata 3 amesahau namba hasi na sifuri. Aliyepata 4 amekumbuka sifuri peke yake. Aliyepata 6 amesahau sifuri.

La nne: hapana. Kwa 6 ni 3 > 2, kweli. Kwa 0 ni 0 > 0, si kweli. Kwa -6 ni -3 > -2, si kweli, maana nusu ya deni ni deni kubwa kuliko theluthi yake. Kauli hiyo inasimama kwa namba chanya tu.